Ziwa Lililopanda kwa Fomu

Siku Adventina Rugemalira alipofika Mwanza kwa mafunzo ya likizo ndefu, aliambiwa kwamba kijiji alichopangiwa kwenda kufanyia utafiti kimezama. Aliyemwambia ni Ndugu Mihayo, Afisa wa Vipimo vya Ziwa, na alimwambia huku anakoroga chai, kwa sauti ileile ambayo angemwambia mgeni kwamba sukari imekwisha.

"Kimezama chote?" Adventina aliuliza.

"Kwa mujibu wa taarifa, chote. Tangu Februari." Ndugu Mihayo aliinuka akaenda kwenye ramani iliyobandikwa ukutani. Pale palipoandikwa Igombelo, mchora ramani alikuwa amepaka penseli ya buluu kwa bidii, mpaka karatasi ilikuwa imeanza kuchanika. "Kima cha maji kimefika mita kumi na moja na sentimita themanini na mbili. Nyumba iliyo juu kuliko zote pale imeinuka mita saba tu juu ya ufukwe. Hesabu mwenyewe, wewe ndiye msomi."

"Na watu, mzee?"

"Watu wapo. Mwezi uliopita wamevuka lengo la pamba."

Adventina alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Ndugu Mihayo hakuwa mtu wa utani. Alikuwa mtu wa mafaili.

"Wanalima pamba chini ya maji?"

"Ndugu Mtafiti," alisema Mihayo, na kijiko akakiweka chini, "hiyo ndiyo maana ya kujitegemea."

Ilikuwa Juni ya mwaka sabini na sita. Adventina alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, anasomea miamba na maji. Kwao ni Bukoba, na Wahaya tunawajua: mtoto akifaulu, usharika mzima wa Kilutheri unakuwa na habari kabla posta haijafunguliwa. Baba yake, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshawatangazia waumini kwamba binti yake anakwenda kulipima ziwa, na baadhi yao walimwombea asichoke, maana ziwa lenyewe ni kubwa.

Kazi aliyopewa ilikuwa rahisi kueleza. Mwisho wa Agosti Kamati ya Operesheni ilikuwa imepanga kuwahamisha watu wa Igombelo, familia themanini na nne, kwa kuwa mtu hawezi kuachwa akae ndani ya ziwa. Lakini kamati haihamishi bila ripoti ya kitaalamu. Adventina aende, apime maji, aandike. Ndugu Mihayo angesaini na kupiga muhuri. Nakala moja ingebaki Mwanza, nakala ya pili ingekwenda kwa Dokta Kahigwa, mwalimu wake chuoni, na bila nakala hiyo Adventina angerudia mwaka. Ofisi ilimpa timazi yenye kamba ya mita ishirini, jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa, na buti za mpira namba kumi. Yeye alivaa namba tano.

Lori lililotoka Nyakato kwenda kuchukua pamba lilimshusha njia panda, akatembea saa nzima amevaa buti, kwa hofu ya kukanyaga maji ghafla. Vumbi lilimfika magotini. Alimkuta mwanamke wa makamo analima matuta ya mihogo, akamwamkia, akaitikiwa vizuri.

"Mama, kijiji cha Igombelo kiko wapi?"

"Umekikanyaga."

"Na maji?"

Mwanamke alimtazama kuanzia kwenye buti hadi kwenye jaketi la machungwa. "Una kiu, mwanangu?" Akaenda nyumbani akamletea maji kwenye kata.

Huyo alikuwa Ng'washi, na bahati ilivyo, mumewe Nkwabi ndiye aliyekuwa msomaji wa kipimo cha ziwa. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, imesiribwa vizuri, na ukutani Ng'washi alikuwa amechora mauamaua kwa majivu na udongo mwekundu. Alimwonyesha mgeni wake nyumba hiyo kabla hata hajamuuliza jina. Mwaka sabini na mbili, alisema, walihamishwa kutoka mlimani kwa sababu walikaa mbalimbali. Mwaka sabini na nne wakahamishwa tena kwa sababu walikaa pamoja lakini barabara ilikuwa mbali. Nyumba mbili alizijenga, mbili akaziacha. Hii ya tatu alikuwa ameapa kuwa wakitaka kumhamisha, wambebe nayo.

Adventina alikuwa amewaletea uhamisho wa tatu mfukoni, na yule mama alikuwa anamkatia muhogo.

Nkwabi alirudi kutoka ziwani jioni ikiwa bado na jua. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye woga wa mtu aliyewahi kuitwa ofisini mara moja. Alipoliona lile jaketi, alirudi hatua moja nyuma.

"Shikamoo, mzee. Nimetumwa kuangalia kipimo."

"Malahaba," alijibu, kwa sauti ndogo. "Nilijua mtakuja. Twende ukaone."

Kipimo kilikuwa ubao uliopigiliwa kwenye mwamba, wenye alama nyeusi na nyeupe, mrefu kwa mita tatu. Adventina alisoma. Akafuta miwani, akasoma tena. Mita moja na sentimita tisa. Mbele yao ziwa lilikuwa limetulia mahali pake, lina bata wawili.

"Mzee Nkwabi, hizi mita kumi na moja zimetoka wapi?"

Nkwabi alikaa juu ya mwamba akavua kofia. "Zimetoka kwenye fomu, mwanangu."

Fomu ndiyo iliyokuwa mchawi. Ofisi ya mkoa, kwa kubana karatasi, ilikuwa imekiweka kipimo cha ziwa kwenye fomu moja na mazao. Kila mwisho wa mwezi kijiji kilijaza mistari mitano: Pamba, Mihogo, Vyoo, Wanakisomo, Ziwa. Na kila mstari ulikuwa na safu nne: Mwezi Uliopita, Mwezi Huu, Ongezeko, Lengo. Safu ya kupungua haikuwapo, kwa sababu nchi ilikuwa inajengwa.

Mwezi wa kwanza maji yalikuwa yamepungua sentimita mbili, na Nkwabi, ambaye kusoma na kuandika alijifunzia darasa la kisomo cha watu wazima na aliipenda kazi yake, aliandika hivyo pembeni kwa mwandiko mzuri. Fomu ilipita kwa Katibu Kata, Ndugu Malimi. Ikarudi na wino mwekundu: *Toa maelezo kwa nini ziwa la kijiji chako limeshuka. Nani amezembea?*

"Siku tatu sikula," alisema Nkwabi. "Nikajiuliza, ni kweli nimezembea? Nimefanya nini kwa hili ziwa? Mwezi uliofuata wakaleta lengo: asilimia kumi. Nikaongeza asilimia kumi. Wakaandika hongela. Wakasema endelea vivyo hivyo. Sasa mwanangu, mtu akikuambia endelea vivyo hivyo, unaacha siku gani?"

Adventina alipiga hesabu mchangani kwa kijiti. Mita moja na ishirini, asilimia kumi kila mwezi, miezi ishirini na minne. Ilitoka sawasawa, mita kumi na moja na themanini na mbili. Mzee wa watu hakuwa amedanganya hata sentimita moja nje ya lengo. Kwa mwendo huo, kufikia Krismasi ya mwaka unaofuata, mtaa wote wa Kirumba, kule Mwanza mjini, ungekuwa chini ya maji, na ofisi ya Ndugu Mihayo pia, pamoja na ramani yake.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha aliuona uso wa Nkwabi, akaacha.

"Mzee, usiogope. Nitaandika ukweli, yataisha."

Alikuwa kijana. Mwisho wa Juni aliijaza fomu kwa mkono wake mwenyewe, mita moja na sentimita tisa, akaongeza karatasi mbili za maelezo yenye mchoro, akaituma kwa Katibu Kata.

Ndugu Malimi alikuja siku ya tatu, kwa baiskeli, amefura. Alikuwa mtu wa mwili mkakamavu na sauti ya mkutanoni, na hakuwa na sauti nyingine. Hata salamu aliitoa kama anafungua kikao.

"Ndugu Nkwabi! Ziwa ni mali ya nani?"

"La umma, Ndugu Katibu."

"La umma! Mwezi Mei ulikuwa na mita kumi na moja na sentimita themanini na mbili. Mwezi Juni una mita moja na sentimita tisa. Mita kumi na sentimita sabini na tatu za maji ya umma zimekwenda wapi?"

"Hazikuwapo," alisema Adventina.

"Ndugu Mtafiti, usiingilie. Hazikuwapo vipi wakati nina saini?" Akazitoa fomu ishirini na nne kwenye mkoba, zote zina saini ya Nkwabi na ya kwake mwenyewe chini yake. "Zilikuwapo, sasa hazipo. Hiyo kwa Kiswahili inaitwa hujuma."

Akaingia ndani kupekua. Nyumba ya Ng'washi ilikuwa na vyumba viwili, kwa hiyo upekuzi haukuchukua muda. Aliinua ungo, akatazama chini ya kitanda, mwisho akafunua mtungi wa maji ya kunywa, akainama kuuchungulia kwa muda mrefu. Ng'washi alisimama mlangoni amejishika kiuno.

"Umeyaona, Ndugu Katibu? Mita kumi?"

Malimi aliurudisha mfuniko. Akatangaza kwamba Nkwabi yuko chini ya uchunguzi na haruhusiwi kutoka kijijini kwa hali yoyote, mpaka Afisa wa Vipimo aje mwenyewe. Kwamba kijiji hicho hicho kimepangwa kuondolewa kwenye ramani mwezi unaofuata, halikumshughulisha. Hilo lilikuwa faili jingine.

Basi Adventina akawa na wiki tatu za kukaa na kosa lake. Ukweli wake ulikuwa umemweka mzee kwenye mlango wa gereza. Kila asubuhi waliteremka pamoja kusoma ule ubao, na Nkwabi alimuuliza bila lawama, kwa heshima kabisa, "Leo tuandike ngapi, Ndugu Mtafiti?" Ilimuuma kuliko kama angetukanwa.

Ndugu Mihayo alifika mwisho wa Julai, na alifika kwa boti.

Hili lahitaji maelezo. Kibali chake cha safari kilisomeka: *Usafiri: boti, kwa kuwa kijiji kimezama.* Angekwenda kwa gari angekuwa amesafiri kinyume cha kibali. Kwa hiyo ofisi iliipakia boti juu ya Landrova, Landrova ikaja mpaka njia panda, boti ikashushwa. Ndugu Mihayo akaingia, akakaa, akavaa jaketi lake la kuokolea, na wanaume wanane wa Igombelo wakaitwa waibebe. Walipita naye katikati ya mashamba ya pamba. Mahali penye mteremko walikwenda taratibu ili asitapike. Wanawake waliokuwa wanavuna walisimama wakaangalia, na mmoja akapiga kigelegele, sijui kwa nini, labda alidhani ni harusi.

Boti iliwekwa mbele ya ofisi ya kijiji, na mkutano ukafanyika hapo. Ndugu Mihayo aliuendesha akiwa amekaa ndani.

"Ndugu Afisa," alisema Adventina, "karibu ushuke. Pakavu."

"Naona."

"Unaona kwamba hakuna maji?"

"Mimi naona ardhi," alisema Mihayo kwa uchovu wa mtu mwaminifu, "lakini macho yangu si kumbukumbu za serikali. Nikishuka hapa nikatembea, nitakuwa nimetembea juu ya mita kumi na moja za maji ambazo nimeziidhinisha. Nitaandika nini?"

Na hapo Adventina alimwonea huruma kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ndani ya boti na hakujua namna ya kutoka.

"Yaliyopo ni mawili," Mihayo aliendelea. "Ama maji yapo, na tarehe thelathini Agosti mtahamishwa. Ama maji yalikuwapo yakatoweka, na huyu mzee anakwenda polisi na mimi leo."

"Yapo," alisema Nkwabi haraka, machozi yanamlengalenga. "Andika yapo."

"Thubutu!" Ng'washi alimkemea. "Nyumba yangu iwe ndani ya maji?"

Watu walianza kusemezana. Malimi alisimama kuwatuliza, na alipokuwa anasema kwa ile sauti yake ya mkutanoni kwamba kijiji hiki kimekuwa mfano kwa pamba, kwa mihogo, kwa vyoo, Adventina alipata wazo. Lilimjia zima. Ningependa kusema alilitafakari kwanza, lakini alisimama papo hapo.

"Ndugu Afisa, maji hayakutoweka. Yameshushwa."

"Yameshushwa na nani?"

"Na wananchi. Kwa nguvu zao wenyewe. Waliona ziwa linavuka lengo, linahatarisha pamba, wakajitolea. Kila kaya, kila siku. Mita kumi na sentimita sabini na tatu kwa mwezi mmoja."

Wananchi wa Igombelo walitazamana kwa mshangao wa kusikia walichokifanya.

"Kwa kutumia nini?" Mihayo aliuliza.

"Ndoo," alisema mtu kutoka nyuma.

"Na majembe," mwingine akaongeza.

"Chini ya uongozi wa kata!" alinguruma Ndugu Malimi, ambaye alikuwa ameshaona mlango unafunguka na hakutaka kuachwa nje. "Operesheni Shusha Ziwa! Mimi mwenyewe niliizindua!"

Ndugu Mihayo aliinua kichwa. Uso ulimnawiri polepole. Kulikuwa na safu ya kuandika kitu hicho. Ilikuwa kwenye fomu nyingine, ya Mafanikio, na fomu hiyo alikuwa nayo kwenye mkoba. Akaandika, akasaini, akapiga muhuri. Halafu akavua jaketi la machungwa, akainua mguu mmoja, akaushusha juu ya ardhi ya Igombelo kwa tahadhari, kisha wa pili. Watu walipiga makofi. Malimi alimkumbatia Nkwabi, ambaye mpaka wakati huo alikuwa bado hajaelewa kama amefungwa au amesamehewa.

Siku hiyo walichinja mbuzi. Adventina aliandika ripoti yake kwa siku nne, kurasa thelathini na moja: *Ushushaji wa Ziwa kwa Nguvu za Wananchi.* Aliweka takwimu za ndoo kwa kaya. Mihayo alisaini nakala zote mbili. Binti alijiona mjanja, na nani angemlaumu? Kijiji kimepona, mzee amepona, na yeye hatarudia mwaka. Alilala usingizi mzito kwa wiki mbili.

Barua ilikuja katikati ya Agosti. Malimi aliisoma mbele ya kijiji kizima, na alipokuwa anaisoma sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilipungua.

Mkoa ulikuwa unakipongeza kijiji cha Igombelo kwa ushindi dhidi ya maji. Mkoa ulikuwa na bonde, bonde la Isolwa, ambalo hukaa na maji ya kiunoni mwaka mzima, lina mbu na ruba, na halijapata kulimwa tangu dunia iumbwe. Kwa hiyo ilikuwa imeamuliwa kwamba wananchi wa Igombelo, kwa uzoefu wao, wahamishiwe huko wakalikaushe. Familia zote themanini na nne. Malori yangefika tarehe thelathini Agosti, kama ilivyopangwa awali. Waje na ndoo zao.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitawanyika mmoja mmoja.

Adventina alimkuta Ng'washi amekaa kitako ukutani kwake, mgongo umeegemea yale mauamaua. Hakulia. Alikuwa amekasirika, na hakuficha.

"Mara ya kwanza tulihamishwa kwa sababu tulikosea. Mara ya pili kwa sababu tulikosea. Sasa tunahamishwa kwa sababu tumefanya vizuri. Mwanangu, ulipokuwa unatuandikia ule ushujaa, ulituuliza?"

"Sikuwauliza, mama."

"Ungeniuliza ningekwambia. Mtu wa hapa akisifiwa, anafunga mizigo."

Adventina aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoshika masikio yakawaka moto. Alikuwa amefanya kilekile alichofanya Nkwabi kwa miaka miwili, isipokuwa Nkwabi alifanya kwa woga na yeye alifanya kwa ujanja. Kesho yake asubuhi alivaa zile buti, akatembea mpaka njia panda, akadandia lori la pamba kwenda mjini.

Ndugu Mihayo alimpokea kwa furaha na kumwagizia chai.

"Ndugu Afisa, nimekuja kuungama. Igombelo haijapata kuzama. Hakuna aliyeshusha ziwa. Ni uongo wote, kuanzia mwanzo."

"Haiwezekani."

"Ulikuja mwenyewe. Uliona."

"Hasa. Niliona. Nilikwenda kwa boti nikarudi kwa miguu. Shahidi wa kwanza wa ushindi ule ni mimi."

"Ndugu Mihayo," alisema Adventina, "mama mmoja kule anabomolewa nyumba ya tatu. Wale watu watakufa kwa homa kwenye lile bonde. Naomba."

Mihayo aliitazama ramani yake, ambayo buluu yake ilikuwa imefutwa kwa raba na kuacha alama. Alizunguka meza akaenda kufunga mlango.

"Sikiliza, binti," alisema, na safari hii hakumwita Ndugu Mtafiti. "Unadhani mimi sijui? Lakini faili haliwezi kufungwa hivihivi. Kukiwa na uongo, lazima kuwe na mwongo. Nipe jina. Nikipata jina nitaifuta amri leo hii. Nani aliandika mita kumi na moja?"

Zile fomu ishirini na nne, ambazo Malimi alikuwa ameziwasilisha, zilikuwa kwenye kabati nyuma yake, zina saini ya Nkwabi kwa mwandiko mzuri wa darasa la kisomo. Adventina alizitazama. Alimfikiria baba yake kanisani, amesimama wima, anapokea pongezi. Akalia kidogo, hilo lisifichwe, akapangusa uso kwa kiganja.

"Mimi," alisema. "Andika mimi."

"Takwimu zinaanza mwaka sabini na nne. Ulikuwa wapi mwaka sabini na nne?"

"Kidato cha sita."

"Na ulipandishaje ziwa kutoka shuleni?"

"Andika nilianza mapema."

Mihayo alishika kalamu, akaishikilia hewani. Alijua si kweli, na Adventina alijua kwamba anajua. Kisha akaandika, taratibu, kwa herufi za kusomeka, akamgeuzia karatasi aweke saini. Alipomaliza alizitoa zile fomu kabatini, akazitazama moja moja, akaziingiza kwenye droo ya chini na kufunga kwa ufunguo.

"Yule mzee wako anasoma vizuri kipimo?" aliuliza.

"Vizuri sana."

"Nitatengeneza fomu yenye safu ya kupungua. Itachukua miaka miwili kuidhinishwa, lakini nitatengeneza."

Malori hayakuja tarehe thelathini Agosti. Watu wa Igombelo walikuwa wamefunga mizigo, wakakaa juu yake kutwa nzima, na jioni wakaifungua. Ng'washi alimtumia Adventina mfuko wa viazi vitamu vilivyokaushwa. Hakutuma neno lolote, na hakuna mtu aliyeelezwa rasmi kwa nini hawakuhamishwa.

Mwezi Oktoba, chuoni, Adventina aliitwa na Dokta Kahigwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, mtu wa kwao Bukoba, na mezani kwake ilikuwapo barua yenye muhuri wa Mwanza na nyingine ya kamati ya nidhamu. Alimwachia asome ya kamati mwenyewe. Ilikuwa na mistari mitatu. Mwanafunzi Adventina Rugemalira, ilisema, atarudia mwaka wa pili, kwa kosa la kupandisha na kushusha Ziwa Viktoria bila kibali.

Aliisoma mara mbili. Alitaka kueleza, akaona hawezi kueleza bila kulitaja jina la mzee, akairudisha barua mezani. Dokta Kahigwa alimngoja. Halafu alivua miwani, akayafikicha macho, na kwa muda mabega yalimtikisika, haikujulikana kama anakohoa au anacheka.

"Uliwaponya watu wangapi?" aliuliza mwishowe.

"Familia themanini na nne, mwalimu."

Alitikisa kichwa, akaichukua barua, akaikunja vizuri.

"Mwakani utakwenda Kigoma," alisema. "Ziwa Tanganyika. Lile lina kina kirefu, binti yangu, na kando yake wanakaa watu wa nchi nne. Nakusihi, usiliguse."